Macho Hayana Pazia, Mkono Je?

Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia. Walikusudia kumwondolea lawama mtu aliyeona jambo asilotakiwa kuliona: jicho likishafunguka huona lililo mbele yake, na aliyeona hakutenda kosa kwa kuona tu. Methali hii imebeba adabu njema, kwani inatufundisha kutofautisha baina ya kuona na kutazama, na baina ya kutazama na kukodoa. Lakini ilitungwa kabla ya kamera. Siku hizi karibu kila mkono umeshika chombo kinachoweza kukifanya kilichoonwa kikadumu, kikasafiri, kikauzwa, na kikatazamwa na maelfu ya watu ambao hawakuwapo. Jicho halina pazia, tumekubali. Je, mkono nao hauna?

Mtaani kwetu, Mji Mkongwe, alikuwapo mzee mmoja aliyekuwa akiuza kahawa. Siku moja mwanawe alimletea kadi ya posta aliyoikuta dukani, miongoni mwa kadi za milango ya nakshi na majahazi. Juu ya kadi ile alikuwa yeye mwenyewe, ameinamia seredani, dele mkononi, na shati lake la kazi limechanika begani. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Wangeniambia, ningevaa kanzu."

Mzee yule hakuchukia kupigwa picha. Watu wa kizazi chake walizipenda picha na waliziheshimu. Siku ya Idi walikuwa wakienda studio wakiwa wamevaa na kujitia manukato, wakakaa kitini, wakamwangalia mpiga picha machoni na kungoja aseme "tayari". Picha ya namna ile ilikuwa ni kitu alichokitoa mwenye sura. Ile ya kadi ilikuwa ni kitu alichochukuliwa. Karatasi ni moja na kazi ya nuru ni moja, lakini baina ya kutoa na kuchukuliwa pana masafa, na ndani ya masafa hayo ndimo limo suala ninalotaka kulizungumza.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kumtembelea mpwa wangu anayeishi Phoenix, katika jimbo la Arizona. Alichukua likizo ya wiki moja, akanipakia garini, tukaizunguka nchi ambayo Wamarekani wenyewe huiita Kusini-Magharibi: majangwa na nyanda za juu zinazoenea Arizona na New Mexico, pamoja na sehemu za Utah, Nevada na California. Shingoni nilivaa kamera ndogo. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa mgeni mwenye kamera, wala si mwenyeji anayeikwepa.

Kwa mtu wa kisiwani nchi ile ina uzuri unaotatanisha. Upeo wa macho uko mbali kama wa bahari, isipokuwa hakuna maji, na mawingu hupita juu ya ardhi nyekundu yakiburura vivuli vyao kama majarife. Siku ya kwanza nilipiga picha kila nilichokiona. Nilipiga mimea ya miiba iitwayo saguaro, isimamayo kama watu walioinua mikono juu. Mpwa wangu akaniambia kwamba mmea ule huchukua aghalabu miaka 50 hadi 70, na pengine zaidi, kabla ya kuchipua mkono wake wa kwanza. Mimi nilikuwa nimetumia sehemu ndogo ya sekunde kukichukua kilichojengwa kwa umri wa mtu mzima. Sikuona kosa lolote katika hilo, wala silioni sasa. Lakini ndipo nilipoanza kuhisi kwamba wepesi wa tendo hautuambii lolote juu ya uzito wa kitu kinachotendwa.

Huko Holbrook tulilala kando ya iliyokuwa barabara kuu nambari 66, iliyoanzishwa mwaka 1926 na kufutwa rasmi katika orodha ya barabara kuu mwaka 1985. Ipo hapo moteli mashuhuri, Wigwam, ambayo vyumba vyake ni mahema ya saruji yaliyojengwa mwaka 1950 kwa mfano wa mahema ya wenyeji asilia wa Marekani. Watalii hawaachi kuipiga picha. Waama, mahema ya umbo lile ni ya watu wa nyanda za nyasi za mbali, si ya Wanavajo wala ya Wahopi ambao ndio majirani wa mji ule. Ni kama mtu aje kwetu ajenge hoteli kwa mfano wa vibanda vya Wamasai, na wageni waipige picha wakidhani wamewaona Waswahili.

Nilijikuta navutiwa zaidi na vitu visivyojidai: kituo cha petroli kilichofungwa, bango lililopauka, kiti kilichosahauliwa nje ya duka. Hili nalo lina wazee wake. Mwaka 1963 msanii Ed Ruscha alitoa kijitabu kilichoitwa Twentysix Gasoline Stations, chenye picha za vituo 26 vya petroli vya njiani baina ya Los Angeles na Oklahoma City, bila ya maelezo zaidi ya jina la kituo na mahali kilipo. Maktaba ya Bunge la Marekani ilikataa kukipokea. Leo kinahesabiwa miongoni mwa vitabu muhimu vya sanaa vya karne ya 20. Nadhani siri yake ni kwamba hakikupora kitu. Kilitazama kisichotazamwa na mtu, wala hakikukipamba. Nikajiambia kwamba pengine hiyo ndiyo njia salama: mtu apige vitu vya kawaida, aviache vivutio na nyuso za watu, na dhamiri yake italala usingizi.

Usingizi huo haukufika mbali. Tulipokuwa tukielekea mji wa Page, ndani ya ardhi ya taifa la Navajo, tulisimama kwenye vibanda vya mbao ambamo wenyeji huuza shanga na bangili za fedha. Kwangu lile lilikuwa jambo la kawaida kuliko yote, genge la njiani kama magenge ya kwetu. Bibi mmoja mtu mzima alikuwa amekaa nyuma ya meza yake, na mwanga wa asubuhi umemwangukia ubavuni. Nikanyanyua kamera. Hakuficha uso wala hakufoka. Aliniuliza tu, kwa Kiingereza cha taratibu: "Utaifanyia nini?"

Sikuwa na jibu. Nasema kweli, mpenzi msomaji, nilitafuta jibu nikalikosa. Nikishusha kamera, mpwa wangu alininong'oneza kwa Kiswahili: "Mjomba, tungeomba kwanza." Nikaomba radhi, nikanunua bangili, na yule bibi akanifungia kwa upole na kunihadithia habari za mvua iliyochelewa na maji wanayoyachota mbali kwa matangi juu ya magari, kwa kuwa nyumba nyingi za huko hazina bomba. Lakini sote wawili tulijua kwamba nilinunua bangili, sikununua jibu. Mimi, mtoto wa mtaa uliochoka kupigwa picha, nilikuwa nimemfanyia mtu mwingine lilelile alilofanyiwa mzee wetu wa kahawa.

Swali lake ni zito zaidi kuliko katazo. Katazo humalizika kwa kutii. Swali lile linamtaka mtu aeleze nia yake, na nia ndiyo mizani ya matendo. Tena halikuzuka hewani, maana katika nchi ile kamera ina historia, na wenyeji wanaijua.

Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliingia Canyon de Chelly, korongo kuu la Wanavajo, likaharibu mashamba na kukata miti ya matunda, na maelfu ya watu wakaswagwa kwa miguu mamia ya kilomita hadi Bosque Redondo huko New Mexico. Wengi walifia njiani na kambini. Waliobaki waliruhusiwa kurudi kwao kwa mkataba wa mwaka 1868. Miaka mitano tu baadaye, mwaka 1873, Timothy O'Sullivan, mpiga picha wa msafara wa upimaji uliotumwa na jeshi hilohilo, alipiga katika korongo lile picha ya magofu ya White House, yaliyokaa ndani ya pango chini ya ukuta mkubwa wa mwamba. Ni picha ya ajabu kwa uzuri. Ndani yake mna ukimya, mwamba, na watu wachache wadogo kama chungu. Hamna ndani yake hata mti mmoja uliokatwa.

Mwaka 1904 Edward Curtis akapiga picha ya Wanavajo waliopanda farasi, wakienda zao mmoja nyuma ya mwenzake kuingia gizani, akaiita kwa maana ya kabila linalotoweka. Curtis alikuwa mtu wa kazi na subira, na majuzuu 20 ya The North American Indian aliyoyatoa baina ya mwaka 1907 na 1930 ni hazina ambayo hata wajukuu wa waliopigwa picha huifungua wakitafuta nyuso za wazee wao. Lakini alitaka watu wale waonekane wa kale. Katika picha moja aliyoipiga kaskazini, mbali na jangwa hili, saa ya mezani iliyokuwa baina ya wanaume wawili ilifutwa kabla ya picha kuchapishwa. Na wale aliowapigia picha ya kutoweka hawakutoweka: mwaka 2021 walioandikishwa kuwa raia wa taifa la Navajo walikaribia watu 400,000.

Majirani zao Wahopi walichagua njia nyingine. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile iliyofuata, wapiga picha walikuwa wakimiminika vijijini mwao kila ilipochezwa ngoma ya nyoka, ambayo kwao ni ibada ya kuomba mvua, wakasimamisha vigoda vya kamera zao na kusukumana kutafuta nafasi. Wahopi wakapiga marufuku. Hadi leo mgeni aingiaye vijiji vyao hukutana na mabao yanayokataza kupiga picha, kuchora na kurekodi sauti. Tulipita huko mimi na mpwa wangu, kamera ikiwa ndani ya mkoba. Nakiri kwamba saa ya kwanza mikono yangu ilihangaika kama ya mvutaji aliyeacha tumbaku. Ya pili ikatulia, na nikaanza kuona. Vijiji vile navikumbuka kuliko mahali pengi nilipopiga picha: moshi wa kuni za mreteni, mbwa aliyelala katikati ya njia, na mzee aliyetujibu salamu bila ya kusimama.

Mtu anaweza kusema: haya ni ya watu na ibada zao, mwamba haujali, nao ni milki ya macho yote. Hoja hii ina nguvu, nami niliishikilia mpaka tulipofika Monument Valley, mpakani mwa Arizona na Utah, ambako minara ya mawe mekundu imesimama peke yake jangwani. Hapana mtu asiyeijua, hata kama hajui jina lake. Mwaka 1938 mfanyabiashara Harry Goulding alizipeleka Hollywood picha za bonde hilo, na mwaka 1939 ikatoka filamu ya John Ford iitwayo Stagecoach, iliyoifanya minara ile kuwa sura ya Marekani yenyewe. Lakini baina ya mwaka 1944 na 1986 ardhi ya Wanavajo, pamoja na viunga vya bonde hilo, ilichimbwa karibu tani milioni 30 za mawe ya urani. Wachimbaji wa Kinavajo hawakuelezwa hatari ya vumbi walilolivuta. Wengi wakafa kwa saratani ya mapafu, na sheria ya kuwalipa fidia haikupitishwa hadi mwaka 1990. Migodi zaidi ya 500 iliachwa wazi. Mwamba ule ule, miaka ileile, na katika picha mashuhuri hakuna hata chembe ya habari hiyo. Picha zile hazikusema uongo. Zilinyamaza, na sisi tukaudhani ukimya wao kuwa ni amani ya mahali.

Hata hivyo, siwezi kuungana na wale wanaosema kamera ni mwizi tu. Karibu na Page lipo bwawa la Glen Canyon. Mwaka 1963, mwaka uleule maji yalipoanza kuzuiwa, shirika la Sierra Club lilichapisha kitabu cha Eliot Porter, The Place No One Knew, chenye picha za korongo lililokuwa likizama. Picha hizo hazikuliokoa korongo. Lakini bila ya picha zile wengi wetu tusingejua kilichozama, na asiyejua alichopoteza hawezi hata kukililia. Porter hakupita pale mara moja na kuondoka. Alirudi tena na tena, akazipiga kuta za mwamba na vidimbwi vyenye kuakisi anga kwa subira ya mtu anayekaa na mgonjwa. Kamera yake ilikuwa shahidi.

Na jirani na hapo liko korongo jembamba liitwalo Antelope, ambalo watu hutoka pembe zote za dunia kuja kulipiga picha. Haliingiwi ila kwa kuongozwa na mwenyeji, kwa kuwa ni ardhi ya Navajo. Kwa miaka mingi waongozaji walikuwa wakirusha konzi ya mchanga hewani ili mshale wa jua uonekane vizuri pichani. Wageni wachache hujua kwamba tarehe 12 Agosti 1997 mvua iliyonyesha mbali ilileta mafuriko ya ghafla yaliyowaua watalii 11 ndani ya korongo hilo. Mipindo ile ya mwamba inayopendeza pichani imechongwa na maji ya namna ileile. Kwa hivyo hata jiwe lina hadithi yake, na lina watu wanaoijua. Mwongozaji anapokutaka ungoje nje kwa sababu ya wingu usiloliona, anakufundisha kutazama.

Sasa tulirudie swali la yule bibi. Kwa Kiswahili tunapiga picha. Najua kwamba kitenzi hiki hakina hapa maana ya kuumiza, kwani tunapiga simu na tunapiga pasi pia. Lakini vilevile tunapiga hodi, na nadhani lugha yenyewe imeyaweka matendo haya mawili jirani ili lile la pili litangulie. Hodi si idhini. Hodi ni kukiri kwamba mbele yako pana mlango, hata kama hauuoni, na kwamba nyuma yake wapo wenyewe. Baada ya hodi huja "karibu", au huja kimya. Na mgeni mwenye adabu akishabisha mara tatu bila ya jibu hurudi zake, wala hajioni kuwa ameonewa.

Na akishakaribishwa, anachotoka nacho si milki yake. Ni amana. Wazee wetu walilitumia neno hili kwa fedha iliyowekwa kwa jirani, kwa mtoto aliyeachwa kwa shangazi, na kwa siri. Mwenye kushika amana hujua aliipokea kwa nani. Haibadilishi ikamdhuru mwenyewe. Na akitakiwa jawabu hulitoa. Picha nayo iko hivyo. Mwenye sura ana haki ya kujua iko wapi na inasema nini juu yake. Pale ambapo mwenyewe hawezi kuulizwa, kama vile mwamba, gofu, au marehemu, amana haipungui, bali huzidi, kwa kuwa hakuna wa kumdai mtunzaji ila dhamiri yake.

Wako watakaosema kwamba mzigo huu ni mkubwa mno kwa mtu mwenye simu mfukoni. Sidhani. Simtaki mtu asome historia ya kila jiwe kabla ya kulipiga picha. Namtaka awe tayari, akiulizwa "utaifanyia nini?", kuwa na neno la kujibu. Hata "nitamwonyesha mama yangu" ni jibu jema. "Sijui" pia ni jibu, ila ni jibu la kushusha kamera.

Nimebakisha jambo moja, nalo linanisumbua, kwa hivyo sitalificha. Mzee wetu wa kahawa alifariki wakati mimi niko safarini. Niliporudi nilikwenda kutoa mkono wa taazia. Ukutani, ndani ya fremu, nikaiona ile kadi ya posta, imekatwa pembeni ili jina la kisiwa lisionekane. Picha zake za studio, zile za kanzu na kofia, ziliharibiwa na maji ya mvua miaka mingi nyuma, na hakuna iliyosalia. Wajukuu zake watamjua kwa picha ile aliyochukuliwa bila ya hodi, mwenye shati lililochanika, ameinamia seredani.

Nilimuuliza mwanawe kama anamsamehe aliyeipiga. Alifikiri kidogo, akasema kwamba anamshukuru, na kwamba kumsamehe si kazi yake bali ni ya baba yake. Kisha akaniambia bei aliyoilipa dukani kuinunua sura ya babake, na tukanyamaza.